Ukinunua Bunduki Kongwe, Anza na Risasi

Tarehe 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya mizinga kunyamaza Ulaya, askari zaidi ya elfu moja wa Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, waliweka silaha chini mjini Abercorn, ambao leo ni Mbala, Zambia. Bunduki walizokabidhi zilikuwa 1,071, na zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Jeshi la Wajerumani lilimaliza vita likiwa na bunduki za maadui zake.

Sababu yake ni rahisi kueleza. Mwaka 1914 askari wengi wa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Wajerumani, walibeba Jägerbüchse 71, bunduki iliyofyatua risasi nene ya milimita 11 kwa baruti nyeusi na kutoa wingu la moshi lililomwonyesha adui pa kulenga. Wenzao waliokuwa na Mauser mpya walitegemea shehena kutoka Ulaya, na manowari za Uingereza zilikuwa zimeziba pwani. Meli mbili tu zilipenya, Rubens mwaka 1915 na Marie mwaka 1916. Kwa hiyo kila ushindi uligeuka ghala. Tanga, Novemba 1914, Waingereza walipokimbilia melini waliacha bunduki 455, bunduki za rasharasha 16 na risasi 600,000. Ngomano, Novemba 1917, kambi ya Wareno iliyotekwa ndiyo iliyowapa Wajerumani risasi za kuendelea na safari ya Msumbiji. Bunduki nzuri isiyo na risasi ilitupwa njiani, na ile iliyopatikana pamoja na risasi zake ikabebwa.

Mkusanyaji wa silaha kongwe katika jimbo la Ohio au Texas yuko mbali na misitu ya Ruvuma, lakini hesabu yake inafanana na hiyo kuliko anavyodhani. Anaposimama mbele ya meza yenye bunduki kumi za vita viwili vya dunia, jicho lake hukimbilia kwenye karatasi ya bei. Kumbe bei ya siku hiyo ni sehemu ndogo ya gharama. Yanayofuata ndiyo huamua kama bunduki ilikuwa rahisi kweli: risasi zake zinapatikana wapi, mtutu wake una hali gani, ni salama kufyatuliwa, na je, bado ni ileile iliyotoka kiwandani?

Bunduki zinazozungumziwa hapa ni zile za kukoki kwa mkono. Baada ya kila mlio, mpigaji huvuta bolti nyuma, ganda tupu likaruka nje, kisha huisukuma mbele ikaingiza risasi mpya kwenye chemba. Tangu miaka ya 1880 hadi Vita vya Pili, karibu kila jeshi duniani lilimpa askari wake wa miguu silaha ya namna hiyo. Majeshi yalipohamia kwenye bunduki zinazojikoki zenyewe, mamilioni yalibaki maghalani, na maghala hayo ndiyo chimbuko la biashara yote hii.

Bei hufuata mlango wa ghala

Biashara ya kununua silaha zilizostaafu jeshi ilianza kabla ya vita vya dunia. Francis Bannerman, mfanyabiashara wa New York, alinunua sehemu kubwa ya silaha zilizotekwa kutoka kwa Wahispania katika vita vya 1898. Mzigo wa baruti na risasi ulikuwa mkubwa mno kuhifadhiwa mjini, hivyo akanunua kisiwa cha Pollepel kwenye Mto Hudson na kujenga huko ghala lenye umbo la ngome, ambalo magofu yake yanaonekana hadi leo.

Baada ya Vita vya Pili alikuja Samuel Cummings. Kampuni yake, Interarmco, ilianzishwa mwaka 1953 na ikajaza maghala ya Alexandria, Virginia, kwa bunduki kutoka kila pembe ya dunia. Zilikuwa nyingi kiasi kwamba zilitangazwa magazetini na kuuzwa kwa posta. Machi 1963 duka moja la vifaa vya michezo la Chicago lilipokea agizo la Carcano ya Kiitaliano yenye darubini kwa dola 19.95, ikafika dola 21.45 pamoja na usafirishaji. Nambari yake ilikuwa C2766. Miezi minane baadaye bunduki hiyo ilitumika kumuua Rais John F. Kennedy.

Sheria ya Udhibiti wa Bunduki ya 1968 ilifunga uuzaji wa silaha kwa posta kwa mtu wa kawaida, ikazuia pia uingizaji wa silaha zilizotoka majeshini. Mwaka 1984 Bunge la Marekani lililegeza zuio hilo kwa silaha zinazotambuliwa kuwa za kale na za kukusanywa. Miaka michache baadaye Umoja wa Kisovieti ukavunjika, na maghala ya Urusi, Ukraine na Ulaya ya Mashariki yakafunguliwa.

Hapo ndipo ulipoanza msimu wa Mosin-Nagant. Mnamo 2010 mtu aliweza kuingia dukani Marekani na kutoka na Mosin 91/30 kwa chini ya dola 100, ikiwa imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu, na ikiambatana na ukanda, mifuko ya risasi, kichupa cha mafuta na singe. Wengine walinunua kreti nzima yenye bunduki 20. Leo bunduki hiyohiyo inauzwa kwa dola mia kadhaa. Chuma chake hakijabadilika. Kilichobadilika ni mlango wa ghala: vikwazo vya Marekani dhidi ya Urusi vya 2014, kisha zuio la 2021 dhidi ya risasi na silaha mpya kutoka Urusi, na kabla ya yote, akiba ilianza kwisha.

Mosin ilikuwa rahisi kwa sababu zilitengenezwa takriban milioni 37 na nyingi zilitolewa sokoni kwa mkupuo mmoja. K31 ya Uswisi, bunduki iliyotengenezwa kwa uangalifu wa fundi wa saa, iliuzwa katikati ya miaka ya 2000 kwa chini ya dola 200 kwa sababu iyo hiyo. Kwa hiyo bei ya bunduki hizi haisemi lolote kuhusu ubora wake. Huonyesha tu ni nchi gani iliuza akiba yake, lini, na ni kiasi gani kimebaki. Anayesubiri bei ya 2010 irudi anasubiri ghala ambalo limekwisha kuwa tupu.

Risasi ndiyo gharama ya pili, na hurudiwa kila mwezi

Mkusanyaji anayetaka kutundika bunduki ukutani anaweza kuruka sehemu hii. Wengi hawataki hivyo. Wanataka kuipeleka uwanja wa shabaha angalau mara chache kwa mwaka. Kwao, ukubwa wa risasi ndio swali la kwanza.

Kuna kundi la risasi ambazo viwanda havijawahi kuacha kuzitengeneza: .30-06 ya Marekani, .303 ya Uingereza, 8x57 ya Kijerumani, 6.5x55 ya Uswidi na 7.62x54R ya Urusi. Nyingine zimeokolewa na viwanda vichache vinavyowajali wenye bunduki kongwe. Prvi Partizan, kiwanda cha mji wa Užice nchini Serbia, hutengeneza risasi za Carcano, za Arisaka za Japani, za MAS-36 ya Ufaransa na za K31. Mtu akitaka kujua kama bunduki fulani bado inaishi, atazame orodha ya kiwanda hicho.

Nje ya orodha kama hizo mambo huwa magumu. Bunduki ya Kireno ya Mauser-Vergueiro, ile iliyotekwa Ngomano, ilitumia risasi ya 6.5x58 ambayo leo kwa kawaida mwenyewe hulazimika kuitengeneza nyumbani kutokana na maganda ya risasi nyingine. Kuinunua kwa bei ndogo bila vifaa vya kujaza risasi ni kama kununua gari lisilo na matairi.

Risasi za zamani za jeshi nazo zina mtego wake. Zile za 7.62x54R zilizouzwa kwenye makopo ya bati, 440 kila kopo, zilionekana zawadi. Lakini fataki zake, kile kidude cha nyuma ya ganda kinachowasha baruti, nyingi zilikuwa na potasiamu klorati. Ikiungua huacha chumvi ndani ya mtutu, chumvi ikavuta unyevu, na unyevu ukaleta kutu ndani ya siku chache. Mafuta ya bunduki hayayeyushi chumvi. Maji huiyeyusha, hasa yakiwa ya moto. Baada yake mtutu hukaushwa, ndipo hupakwa mafuta. Mitutu mingi ya Mosin iliyopita katika vita viwili ikiwa mizima iliharibiwa na wamiliki wapya waliopuuza kazi ya dakika kumi.

Hata majina yanaweza kudanganya. Risasi ya 8x57 ya kabla ya 1905 ilikuwa na kichwa chembamba cha inchi .318, baadaye Wajerumani wakahamia .323. Bunduki ya zamani kama Gewehr 88 ambayo mtutu wake haukurekebishwa si mahali pa kujaribia risasi mpya. Kinyume chake ni Carcano: kichwa cha risasi yake ni kinene kidogo kuliko cha 6.5 nyingine, takriban inchi .268 badala ya .264. Aliyeipa risasi nyembamba akaona haigongi shabaha, akaitangaza kuwa bunduki mbovu. Sehemu ya sifa mbaya ya Carcano imetokana na kosa hilo.

Chuma kinachoficha siri

Bunduki ya miaka 80 au 100 imepitia mikono ambayo mnunuzi hataijua. Ndiyo maana, kabla ya mlio wa kwanza, fundi wa bunduki hulipima kwa geji pengo lililopo kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda. Pengo likizidi, ganda linaweza kupasuka na gesi ya moto kurudi usoni kwa mpigaji. Lee-Enfield No. 4 ilibuniwa kwa kulifikiria hilo: kichwa cha bolti hufunguliwa na kubadilishwa, na kimepigwa chapa ya 0, 1, 2 au 3 kadiri kinavyorefuka. Palipochakaa, kichwa kirefu zaidi kilirejesha kipimo.

Hatari nyingine imeandikwa juu ya chuma chenyewe, ila inahitaji msomaji. Springfield M1903 za mwanzo ni mfano mashuhuri. Zile za kiwanda cha Springfield zenye nambari chini ya 800,000, na za Rock Island zenye nambari chini ya 285,507, zilitengenezwa wakati mafundi walipopima joto la chuma kwa kutazama rangi yake. Mwanga wa jua uliwadanganya, baadhi ya vyuma vikaunguzwa kupita kiasi na kuwa na wepesi wa kuvunjika kama kioo. Mwaka 1918 njia ya kupasha chuma ikabadilishwa. M1903 yenye nambari ndogo ni pambo bora la mkusanyo, na wajuzi wengi hawaifyatui.

Kuna pia bunduki zilizostaafishwa mara mbili. Herufi DP kwenye Lee-Enfield humaanisha ilishushwa hadhi ikawa ya kufundishia gwaride, mara nyingi kwa sababu ya kasoro. Japani nayo ilitengeneza bunduki za shule zinazofanana na za vita kwa sura, lakini kwa chuma dhaifu kilichofaa risasi tupu za mazoezi. Bei zake huvutia. Risasi halisi ndani yake ni ajali inayosubiri saa.

Wagombea na hoja zao

Ukiweka vipimo hivyo mezani, orodha ya wagombea hupangika upya.

Mosin-Nagant bado ina hoja. Ni kazi ya Sergei Mosin iliyochanganywa na mawazo ya Mbelgiji Léon Nagant, ikaingia jeshini mwaka 1891 na kupigana katika vita vya zama mbili. Historia yake inasomeka juu ya chuma: nyota ya Tula, pembetatu na mshale wa Izhevsk, mwaka wa kutengenezwa, na herufi SA ndani ya kiboksi kwa zile zilizopita mikononi mwa jeshi la Finland. Baadhi ya zile za Vita vya Kwanza zilitengenezwa Marekani na Remington na Westinghouse kwa ajili ya serikali ya Tsar. Bolti yake ni nzito na wakati mwingine hukwama, na shabaha yake ilipangwa singe ikiwa imefungwa mbele ya mtutu. Tatizo lake leo ni kwamba faida kuu, bei, imepungua sana huku risasi za bei poa zikitoweka.

Ukoo wa Mauser ndio mpana kuliko wote. Karabiner 98k ya Wajerumani ilitengenezwa kwa zaidi ya milioni 14 kuanzia 1935, na ile ambayo kila kipande kina nambari moja imeshavuka uwezo wa mkusanyaji wa kawaida. Nafuu hupatikana kwa ndugu zake. Wasovieti waliteka 98k nyingi, wakazifungua zote, wakasafisha vipande kwa pamoja, wakavifunga upya bila kujali nambari na kuvihifadhi; hizo hutambulika kwa alama ya X na nambari zilizochorwa kwa kalamu ya umeme. Yugoslavia, kiwandani Kragujevac, ilitengeneza M48 kwa mfumo wa Mauser baada ya vita, na nyingi zilikaa ghalani bila kuonja mapambano. Vz. 24 ya Brno, Czechoslovakia, ni ya kabla ya vita na imetengenezwa kwa usafi wa kupendeza. Zote hula risasi moja ya 8x57, jambo linalomfaa mtu atakayeongeza bunduki ya pili na ya tatu: kopo moja la risasi linalisha ukoo mzima.

Lee-Enfield ina jambo ambalo hakuna mpinzani wake aliyelifikia, magazini ya risasi kumi na bolti nyepesi kuliko zote. SMLE Mk III ya 1907 ilitengenezwa Uingereza, India katika kiwanda cha Ishapore na Australia katika kiwanda cha Lithgow. No. 4 iliongezewa viwanda vya Long Branch nchini Kanada na Savage nchini Marekani, na za Savage zimepigwa chapa ya mali ya Marekani kwa sababu zilitolewa kwa mkopo wa vita. Msomaji wa Kenya au Tanzania anaijua kwa jina la Mark Four. Askari wa akiba wa polisi kaskazini mwa Kenya waliibeba kwa miaka mingi baada ya uhuru. Babu zetu wa King's African Rifles nao walibeba bunduki za ukoo huu, na askari wa shaba aliyesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927 amekamata bunduki yenye singe akielekea bandarini. Kwa mkusanyaji mwenye asili ya Afrika Mashariki, hakuna bunduki nyingine inayogusa historia ya nyumbani kwa ukaribu huu.

Nchi zisizopigana huacha bunduki nzuri. Uswidi haijaingia vitani tangu 1814, na m/96 yake ya 6.5x55 kwa kawaida ina mtutu unaong'aa. Kwenye kitako chake kuna kisahani cha shaba njano ambapo fundi wa jeshi aliandika hali ya mtutu. Uswisi ilitengeneza takriban K31 528,000 kati ya 1933 na 1958. Bolti yake haizungushwi, huvutwa moja kwa moja nyuma na kusukumwa mbele, na risasi yake ya jeshi, GP11, haina fataki za kuleta kutu. Bei za bunduki hizi mbili zimepanda, lakini mnunuzi hanunui mashaka. Dola mia zaidi zinazolipwa leo huokolewa kwa mtutu ambao hautahitaji kubadilishwa.

Upande wa pili wa mizani wako waliodharauliwa. Carcano hubaki chini ya Mauser kwa bei. Inahitaji klipu ya chuma yenye risasi sita ili magazini ifanye kazi, kwa hiyo anayeinunua bila klipu ananunua bunduki ya risasi moja moja. Miaka ya karibuni shehena za bunduki kongwe kutoka Ethiopia zimefika Marekani, zikiwamo Carcano zilizoachwa na Waitaliano walioshindwa mwaka 1941 na Mauser za Ubelgiji alizonunua Haile Selassie miaka ya 1930, baadhi zikiwa na nembo ya Simba wa Yuda. Nyingi zimechakaa kwa miongo ya jua, vumbi na kupigwa. Kwa anayetafuta shabaha ni kamari. Kwa anayekusanya historia ya Afrika ni hazina, na bei yake bado ni ya kibinadamu.

Steyr-Mannlicher M95 ya Austria-Hungaria ni fupi, nyepesi na hupiga bega kwa nguvu. Herufi S juu ya chemba huonyesha kuwa ilibadilishwa kutumia risasi ya 8x56R. MAS-36 ya Ufaransa ni bunduki ya watu wasiopenda mapambo: haina hata kifungo cha usalama, na singe yake hulala ndani ya mkono wa bunduki chini ya mtutu. Arisaka za Japani, Type 38 na Type 99, zilikuwa na chuma imara kuliko nyingi za wakati wake, ingawa Type 99 za mwisho wa vita zina kitako cha mbao ghafi na shabaha isiyorekebishwa. Ua la krisanthemamu la Mfalme wa Japani lilifutwa kwenye nyingi baada ya kusalimu amri. Pale lilipobaki zima, mara nyingi bunduki hiyo ilitekwa vitani kabla ya Septemba 1945, na bei hupanda kwa sababu hiyo.

Kasoro zinazomfaa mwenye kipato kidogo

Soko la wakusanyaji huadhibu vitu ambavyo haviharibu bunduki, na hapo ndipo mwenye pesa chache hupata nafasi. Tangu 1968 muagizaji anatakiwa kuchapa jina lake kwenye silaha. Maandishi hayo madogo kwenye mtutu hushusha bei ikilinganishwa na bunduki iliyoingia kabla, na risasi haitambui tofauti. Nambari zisizolingana kati ya bolti na mwili hushusha bei vilevile. Kama geji imekubali, ni hasara ya heshima tu.

Kasoro moja haifai kufumbiwa macho. Miaka ya 1950 na 1960 Wamarekani wengi walinunua bunduki hizi ili kuwinda kulungu, wakakata mitutu, wakapunguza mbao za mbele, wakatoboa chuma ili kufunga darubini. Bunduki ya namna hiyo huuzwa kwa bei ya chini sana na huenda ikalenga vizuri. Lakini kama silaha ya jeshi imekwisha, kwa sababu kitako kipya na bendi za asili zinaweza kugharimu zaidi ya bunduki yenyewe, na tundu lililotobolewa haliwezi kuzibwa likasahaulika.

Udanganyifu nao hufuata penye faida. Alama za kijeshi za Wanazi zimepigwa upya kwenye Mauser za kawaida, na Mosin nyingi zimefungwa darubini ya PU kisha kuuzwa kama bunduki za wadunguaji wa Stalingrad. Muuzaji akianza kwa hadithi, mnunuzi aanze kwa kusoma nambari.

Sheria kabla ya pochi

Marekani ina leseni maalumu ya mkusanyaji, aina ya 03, inayotolewa kwa dola 30 kwa miaka mitatu na ofisi ya shirikisho ya ATF kwa mtu aliyetimiza miaka 21. Humruhusu kupokea moja kwa moja nyumbani silaha zenye umri wa miaka 50 au zaidi zilizobaki katika umbo lake la asili, kwa sharti la kuandika kila inayoingia na inayotoka katika daftari. Si leseni ya biashara, na majimbo kama California na New York yana masharti yao juu yake. Kwa anayepanga kununua zaidi ya bunduki mbili, gharama ya dola 30 hurudi haraka, kwani hapitii tena kwa muuzaji wa kati.

Waswahili wa ughaibuni wanahitaji tahadhari ya ziada. Sheria ya shirikisho kwa jumla inamkataza mtu aliyeingia Marekani kwa viza ya muda, akiwamo mwanafunzi, kumiliki bunduki au risasi, isipokuwa katika hali chache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye ukaazi wa kudumu haguswi na katazo hilo. Nairobi na Dar es Salaam, kila silaha huhitaji leseni chini ya sheria za nchi hizo, na hakuna soko huru la bunduki zilizostaafu jeshi. Huko mwenye mapenzi na historia hii huipata kwenye makumbusho.

Mpangilio wa ununuzi

Kwa mtu anayeanza leo akiwa na bajeti ya bunduki moja na hamu ya kuifyatua, hoja zinaelekea kwenye Mauser ya 8x57 isiyo ya Ujerumani, M48 kwanza na vz. 24 ikipatikana, kisha Lee-Enfield kwa anayevutwa na historia ya Jumuiya ya Madola na yuko tayari kulipia .303. Mosin ifuate pale inapokuja na historia ya pekee, kama alama ya Finland au kiwanda cha Marekani. Carcano na M95 zinamfaa anayekusanya kwa kutazama zaidi kuliko kwa kupiga. Anayeweza kuongeza fedha aongeze kwa ajili ya m/96 au K31, maana hapo ongezeko hilo humnunulia mtutu mzima.

Na bunduki ikishafika nyumbani, ikapimwa na kuandikwa kwenye daftari, hubaki kazi moja ndogo. Mwenye K31 afungue skurubu mbili za bamba la chuma chini ya kitako. Katika nyingi bado kuna kikaratasi kilichoandikwa jina la askari wa Uswisi aliyepewa bunduki hiyo, kikosi chake na mahali alipoishi. Akisome, akipige picha, akirudishe mahali pake, kisha akaze skurubu.